Karata, mpira, soko au vitendawili: mchezo upi wa kuwafundishia watoto sarufi?

Mwaka wangu wa kwanza na darasa la nne niliandika ubaoni sentensi kumi za kujaza nafasi, za aina ya "Kitabu __angu __meanguka". Watoto wakajaza, nikasahihisha, wengi wakapata nane, tisa, kumi. Kengele ya mapumziko ikalia. Nikiwa bado nakusanya madaftari, nikamsikia kijana aliyepata kumi kwa kumi akipiga kelele mlangoni: "Nani amechukua kitabu yangu?"

Yule mtoto hakuwa amenakili kwa jirani. Jibu la ubaoni alilijua. Ila alikuwa na lugha nyingine ya kusemea mlangoni, na mazoezi yangu hayakuwa yameigusa hata kidogo.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mazoezi ya sarufi ambayo mtoto atayafurahia kiasi cha kuyacheza hata nisipokuwepo. Manne nimekaa nayo muda mrefu: karata za ngeli (makundi ya majina), mpira wa ukanushi, soko la darasani na vitendawili. Nafundisha Mwanza, darasa la watoto 68, madawati ya kukaa watatu watatu, chaki na ubao. Mwenye watoto 25, au mzazi anayekaa na mwanawe mmoja sebuleni, atakuwa na hesabu tofauti na yangu, na nitasema pale mambo yanapobadilika.

Ninavyoupima mchezo

Swali la kwanza ninalouuliza mchezo wowote: je, mtoto anaweza kushinda bila kutamka sentensi nzima? Kama anaweza, basi hata ungekuwa mtamu namna gani, huo ni mchezo tu. Swali la pili ni la hesabu: kila mtoto atatamka mara ngapi ndani ya kipindi? La tatu: mchezo huu unatibu kosa lipi?

Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. Tunasema "watoto hawajui sarufi" kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Darasani kwangu ni manne. Kuna upatanisho: kitabu yangu, maji imemwagika, vitu zingine. Kuna ukanushi, hasa wa vitenzi vifupi kama kula, kunywa na kuja, ambapo mtoto anasema "sikuli" na "sikuji" badala ya sili na siji. Kuna wingi wa maneno ya ngeli ya U-ZI, ambapo wembe unazaa "mawembe" na ufunguo unazaa "maufunguo". Na kuna lile la "-aga" tulilolizoea wote mtaani: "baba anaendaga ziwani", wakati Kiswahili sanifu kinataka "baba huenda ziwani".

Jambo jingine la kuangalia ni lugha ya nyumbani. Watoto wengi wa huku wanatoka kwenye Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Hizo ni lugha za Kibantu zenye ngeli zake, kwa hiyo mtoto huyo tayari ana wazo kwamba neno moja huyavuta mengine yafanane nalo, hata kama viambishi ni tofauti. Mtoto wa Kijaluo hana urithi huo, kwa kuwa lugha yao haina ngeli za namna hii. Anahitaji kusikia mara nyingi zaidi kabla hujamwingiza kwenye mashindano, la sivyo mchezo utamfundisha kukaa kimya.

Karata na mpira

Hii ni michezo miwili ambayo walimu wengi huanza nayo, nami nilianza nayo.

Karata zinahitaji manila moja kwa kila kundi, maka peni na mkasi. Manila naikata vipande 40. Kila kipande kina picha na jina la kitu: kijiko, embe, mlango, ufunguo, mbuzi, kalamu. Watoto sita, kila mmoja karata tano, zinazobaki zinalazwa kifudifudi katikati na moja inafunuliwa. Ikiwa ni kikombe, mwenye karata ya KI-VI anaiweka juu yake na kutoa sentensi: "Kijiko changu kimepotea." Akikosea upatanisho, anairudisha mkononi na kuokota nyingine. Asiye na ngeli hiyo anaokota. Karata nne zina nyota, na mwenye nyota anachagua ngeli mpya. Anayemaliza mkononi ndiye mshindi.

Mpira hauhitaji kitu. Makaratasi yaliyofungwa kwa kamba yanatosha. Watoto wanasimama duara uwanjani. Anayerusha anataja kitenzi, "ninakula", na anayedaka anakikanusha kabla hajarusha, "sili", kisha anataja chake. "Nimekunywa." "Sijanywa." "Nitakuja." "Sitakuja." "Nilikula." "Sikula." Aliyekosea anachuchumaa mpaka mtoto mwingine akosee ndipo anasimama tena. Wasichana wangu waliuhusisha haraka na rede, mchezo wa kurushiana mpira wanaoucheza wakati wa mapumziko, wakaweka chupa ya mchanga katikati: kila jibu sahihi, mchanga kiganja kimoja. Sheria hiyo ni yao, na ni nzuri kuliko yangu, kwa sababu duara zima linashinda pamoja chupa ikijaa.

Sasa hesabu. Kipindi chetu ni dakika 40. Toa kutoka na kuingia, toa maelezo, zinabaki kama 20 za kucheza. Kwenye mpira wa duara moja, zamu ni sekunde kumi, yaani zamu sita kwa dakika, 120 kwa dakika 20. Gawanya kwa watoto 68: hawafiki hata zamu mbili kila mmoja. Kwenye karata, makundi 11 yanacheza kwa wakati mmoja. Hata zamu ikichukua sekunde 15, kundi la watoto sita linapata zamu 80, na kila mtoto anatamka sentensi yake mara 13. Mara mbili dhidi ya mara 13. Hesabu hii ndiyo iliyobadilisha ufundishaji wangu kuliko semina yoyote. Wanaotumia mpira na darasa kubwa wagawe duara angalau matano na mipira mitano, vinginevyo watoto wanne wenye mikono mirefu watacheza na wengine 64 watatazama.

Lakini karata zina udhaifu ambao mpira hauna. Uwanjani nasikia kila jibu. Kwenye makundi 11 sisikii, na sentensi mbovu inapita bila mtu kuisimamisha. Nimetatua kwa kumpa mtoto mmoja wa kila kundi kazi ya uhakimu, akiwa na karatasi ya majibu, na uhakimu unazunguka kila raundi. Hakimu haokoti karata, anasikiliza tu, na nimeona mara nyingi kwamba siku mtoto anapokuwa hakimu ndiyo siku anayojifunza zaidi.

Kosa nililolifanya kwenye karata lisikupate. Seti yangu ya kwanza niliipaka rangi: KI-VI kijani, LI-YA nyekundu, U-I bluu. Nilidhani nawasaidia. Wiki ya pili nikawakuta wanacheza kwa kasi na kwa ukimya wa ajabu, kijani juu ya kijani, nyekundu juu ya nyekundu, na hapakuwa na sentensi hata moja. Mchezo ulikuwa unawafurahisha kweli. Sarufi ilikuwa imetoka. Nilikata seti nzima upya, kwa maka peni nyeusi peke yake.

Kilichobaki kizuri kwenye karata ni yale maneno yenye mitego. Mimi huweka karata mbili zilizoandikwa "ua". Moja ina picha ya waridi, nyingine ya uwanja uliozungushiwa uzio wa makuti. Ua limechanua, ua umefagiliwa. Maua yamechanua, nyua zimefagiliwa. Kundi zima litabishana dakika tatu juu ya karata hizo, na hakuna zoezi la daftari litakalowafanya watoto wa miaka kumi wabishane juu ya ngeli.

Kwa kifupi kati ya hivi viwili: ugonjwa ukiwa upatanisho na wingi, karata. Ugonjwa ukiwa ukanushi na nyakati, mpira, maana ukanushi unataka kutoka mdomoni bila kufikiri, na mpira unaokujia usoni haukupi nafasi ya kufikiri. Nilijaribu kufanya ukanushi kwa karata, ukadorora. Nilijaribu upatanisho kwa mpira, sentensi zikawa ndefu na mpira ukawa unasubiri.

Soko la darasani

Huu ndio ninaoupenda, na sitaficha.

Madawati kumi yanageuka vibanda. Bidhaa ni picha, au vitu vyenyewe watoto wakileta: maembe, ndizi, viazi, mayai ya udongo waliyofinyanga wenyewe, sato na dagaa wa kuchora, vitumbua vya boksi. Fedha ni visoda, yaani vizibo vya chupa za soda. Kila mnunuzi ana visoda kumi na orodha ya vitu sita. Sheria ya muuzaji ni moja tu: mnunuzi akipatanisha vibaya, muuzaji anasema "hiyo sina" na mnunuzi lazima aende kibanda kingine. Akipatanisha vizuri, muuzaji anarudia sentensi huku anakabidhi: "Maembe matatu makubwa haya hapa."

Angalia sentensi hiyo ya muuzaji. Ndani yake kuna idadi, kivumishi na kionyeshi, na vyote vitatu vimevaa vazi la embe. Hakuna mchezo mwingine nilioujaribu unaomfanya mtoto apatanishe mara tatu kwa pumzi moja, na aone kabisa kwamba ana sababu ya kufanya hivyo. Kwenye daftari, kosa linampa mtoto alama ya mkasi. Sokoni, kosa linamnyima embe.

Wiki ya tatu nikaona jambo. Kila mtu ananunua sita. Mayai sita, viazi sita, sato sita, mihogo sita. Nikadhani ni bahati, kumbe wameshagundua kuwa sita haibadiliki. Moja mpaka tano huvaa kiambishi, viazi vitano na mihogo mitano, na nane pia, mihogo minane. Lakini sita, saba, tisa na kumi hubaki zilivyo. Sikuwa nimewafundisha. Walikuwa wameipata kanuni ya kweli ya Kiswahili wakitafuta njia ya mkato, na wakaitumia watoto 68 kwa siku mbili. Niliwapongeza kwa dhati, nikaiandika kanuni yao ubaoni, kisha nikaongeza sheria: kila bidhaa iwe na sifa. Mayai sita mabichi. Viazi sita vitamu. Sato sita wakubwa. Njia ya mkato ikafungwa.

Sato walituletea mjadala mwingine. Mtoto alisema "sato mbili zilizokaangwa", akashikilia kuwa samaki aliyekwisha kufa si kiumbe tena. Wenzake wakamwambia hata akiwa kwenye sahani, ni sato wawili waliokaangwa. Kiswahili hakimwondolei samaki heshima yake kwa sababu ameingia kikaangoni.

Na kuna mtoto ambaye ningeweza kuandika ukurasa mzima kumhusu. Msichana, dawati la mwisho, mwaka mzima hajanyoosha mkono. Mama yake anauza vitumbua. Siku ya soko nikampa kibanda cha vitumbua bila kufikiri sana. Mnunuzi wa kwanza, kijana mwenye sauti kubwa kuliko wote, akamwambia, "Nipe vitumbua nne moto." Akamtazama tu. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Vinne. Vitumbua vinne vya moto. Rudi useme vizuri." Kijana akarudi akasema vizuri.

Ubaya wa soko upo na ni mkubwa. Kelele, kwanza. Mwalimu wa darasa la jirani aombwe mapema, kwa adabu, na ikiwezekana soko lifanywe chini ya mti. Pili, linakula muda. Kipindi kimoja hakitoshi, unahitaji viwili mfululizo, dakika 80, na mara nyingi ratiba haikupi. Tatu, wauzaji kumi wanatamka mara nyingi kuliko wanunuzi, hivyo katikati lazima wabadilishane. Mimi hupiga filimbi kila dakika kumi. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili ni mapema, wao wachezee idadi na bidhaa bila sifa: "vitumbua vinne", basi. Na soko halifundishi nyakati hata kidogo. Kila mtu anasema "nipe".

Vitendawili

Vitendawili havina gharama, havina maandalizi, na vinafanyika hata mvua ikinyesha juu ya bati. Mtoto amevikuta nyumbani kabla ya shule. Na ndani yake sarufi imelala tayari.

Ninavitumia hivi. Baada ya kuteguliwa, kitendawili lazima kigeuzwe wingi kabla ya aliyetega kupewa zamu nyingine. "Nyumba yangu haina mlango", jibu yai. Wingi: "Nyumba zetu hazina milango", jibu mayai. "Nyumba yangu ina nguzo moja", uyoga. "Nyumba zetu zina nguzo moja moja." "Ajenga ingawa hana mikono", ndege. "Wajenga ingawa hawana mikono", na ndege anabaki ndege, watoto wanacheka kwamba neno limekataa kubadilika. Anayeshindwa kugeuza anatoa mji, kama kawaida ya vitendawili, na mwenzake anausafiri mji huo apendavyo.

Kwa lile kosa la "-aga", sijapata dawa nyingine yenye nguvu kama hii. "Mzee Kombe akilia watu hufurahi." Jibu ni mvua. Hapo "hufurahi" imekaa mahali ambapo mtoto hawezi kuitoa, maana ukisema "wanafurahiaga" kitendawili kinavunjika mdundo na kila mtu anasikia. Kutoka hapo tunatunga vyetu: mwalimu akiingia watoto husimama, kengele ikilia watoto hukimbia. Ndani ya mwezi niliwasikia wakiitumia "hu" uwanjani wenyewe kwa wenyewe, kwa madaha, kama wazee.

Halafu kuna kile cha "Popoo mbili zavuka mto", ambacho jibu lake ni macho. Darasani kwangu walikuwa wanasema "popo mbili", wakimfikiria yule anayening'inia mwembeni. Mtoto mmoja akauliza: kama ni popo, mbona "mbili zavuka"? Si ingekuwa "popo wawili wavuka"? Alikuwa sahihi kabisa. Ni popoo, tunda la mpopoo, lile ambalo watu wa pwani hulitafuna pamoja na tambuu. Ni vitu viwili vya mviringo, ndiyo maana macho. Mtoto wa Mwanza ambaye hajawahi kuliona tunda hilo aligundua kwa upatanisho peke yake kwamba neno limekosewa. Nikiulizwa na mzazi ngeli zina faida gani, humpa mfano huo.

Udhaifu: mmoja anatega, mmoja anategua, 66 wanasikiliza. Kwa hesabu yetu ya zamu, vitendawili vinashindwa vibaya kuliko hata mpira. Tena wenye bibi nyumbani wanatawala, wasio naye wanabaki watazamaji. Dawa yangu ni kuwaweka wawili wawili kwenye dawati, na kila mtoto anakwenda nyumbani na kazi ya kuleta kitendawili kimoja kutoka kwa mtu mzima yeyote, awe mwenye duka au dereva wa bodaboda. Ukifanya hivyo zamu zinaongezeka. Hata hivyo sivitumii kama zoezi kuu. Ni vya dakika kumi za mwisho, au siku ambayo nguvu zimeniishia na watoto bado wanazo.

Mengine kwa haraka

Nyimbo za kutaja ngeli: zinafaa kwa kukumbuka majina ya ngeli, basi. Mtoto ataimba KI-VI kwa sauti tamu na kutoka nje akitafuta "kitabu yangu". Kama mtihani wa shuleni unauliza majina ya ngeli, imbeni wiki moja, kisha muendelee na kazi.

Programu za simu: kwa mtoto anayezungumza Kiswahili tayari, sijaona iliyonishawishi. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mgeni mtu mzima. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo, iliyoanza 2017, inapitia Kiingereza, kwa hiyo inamfundisha mtoto wa Nyamagana, hapa Mwanza, kwamba "maji" ni nini kwa Kiingereza, si kwamba maji yamemwagika. Kwa mtoto aliyezaliwa ughaibuni na kukulia katika Kiingereza, hapo ina nafasi yake kwa msamiati.

Daftari sijalitupa, na naomba mwalimu yeyote asilitupe. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unaandikwa, hauchezwi. Nilichobadilisha ni mpangilio tu: daftari linakuja baada ya mchezo. Baada ya soko kila mtoto anaandika sentensi tano alizozisema mwenyewe kibandani. Anaandika kitu ambacho tayari kimepita mdomoni mwake, na mkono wake hauwi na wasiwasi. Ukilianza daftari kwanza, kama nilivyofanya mwaka ule, unapata kumi kwa kumi za ubaoni.

Sasa uchague

Mwalimu mwenye darasa kubwa na fedha kidogo, na watoto wake wanasema "vitu zingine": karata kwa wiki nne za mwanzo, ili kila mtoto apate zile zamu 13, kisha soko mara moja kwa mwezi kama sherehe. Usianze na soko. Wasioweza kupatanisha watazungushwa kibanda hadi kibanda wakiambiwa "hiyo sina", na nimeona mtoto akilia kwa hilo. Kosa lilikuwa langu, nilimpeleka sokoni kabla hajawa tayari.

Ambaye watoto wake wanapatanisha vizuri lakini wanasema "sikuli", mpira, dakika kumi kila siku, duara tano. Wiki tatu zinatosha, baada ya hapo wanachoka na ni haki yao.

Walimu wa Kenya, mna vipindi vya dakika 35 kwenye madarasa ya juu ya msingi, kwa hiyo soko litawabana zaidi kuliko sisi. Ligaweni siku mbili: siku ya kwanza kutengeneza bidhaa na kuandika orodha, ya pili kuuza. Na mkichukua karata zilizotengenezwa Tanzania angalieni majina: vitabu vingi vya huku huandika YU-A-WA pale ambapo ninyi mnaandika A-WA. Mtoto anaweza kudhani ni ngeli mbili.

Mwenye mtoto mmoja nyumbani, soko halimfai, linahitaji umati. Mpira wa watu wawili unakwenda vizuri jikoni mkisubiri ugali uive. Karata zinachezeka na watu watatu, hata baba akikosea, na mtoto atafurahi sana kuwa hakimu wa baba yake.

Na mzazi aliye mbali, Muscat, London au Minneapolis, ambaye mtoto wake anasikia Kiswahili kutoka mdomo mmoja au miwili tu, mimi ningeanza na vitendawili, ingawa darasani nimeviweka nyuma. Hesabu ya zamu haina maana mkiwa wawili, na mtoto huyo anachokikosa ni sauti ya sentensi iliyokamilika, fupi, anayoweza kuibeba nzima bila kuielewa vipande vyake. Kimoja kila Jumamosi, kwa simu, kwa bibi aliyeko nyumbani. Bibi atege, mtoto ategue, kisha wakigeuze wingi pamoja. Mtoto akishindwa, bibi adai mji.